Somo la Lugha ya C: Kwa Nini Programu Hailali kwa Muda Tulioiambia



Ndugu zangu wanafunzi, katika darasa letu la Jumamosi hapa Carama hakuna swali linalorudi mara nyingi kama hili: "Programu yangu inatakiwa isubiri sekunde moja, mbona haisubiri?" Anayeuliza leo ana Windows, wa wiki ijayo ana Ubuntu, wa tatu ana Mac. Msimbo ni ule ule, wamenakiliana kwa flashi. Lakini kwenye kompyuta moja programu inapita mbio bila kusubiri, kwenye nyingine inaganda robo saa nzima, na kwenye ya tatu inaonekana sawa asubuhi, kisha jioni imebaki nyuma kwa dakika kadhaa.

Katika somo hili tutapitia sababu moja moja, kila moja na dawa yake. Mfano tutakaoutumia ni ubao wa msikitini unaohesabu muda uliobaki kabla ya sala. Nimeuchagua kwa sababu wengi wenu mmeshaujaribu katika kazi za vitendo, zile tunazoziita TP, na kwa sababu kosa lake si la kuchekesha. Ubao uliobaki nyuma kwa dakika 14 katika Ramadhani unamwambia mtu kwamba bado ana nafasi ya kula daku, ilhali alfajiri imeshaingia. Watu wazima wanaokaa safu ya mbele hawajui C. Wanauamini ubao kwa sababu umetundikwa msikitini.

Msingi: kulala si kuhesabu

Unapoita fanksheni ya kusubiri, programu yako haikai ikihesabu sekunde. Inaukabidhi mfumo endeshi ujumbe: niondoe kwenye prosesa, na baada ya muda fulani nirudishe. Mfumo unawapa wengine nafasi: kivinjari, muziki, antivairasi. Muda ukitimia, programu yako inawekwa tena kwenye foleni ya wanaosubiri prosesa, na inaendelea pale zamu yake inapofika.

Ni kama kumwambia mwenzako chumbani, "Niamshe baada ya nusu saa," naye ana kazi zake. Hatakuamsha kabla ya nusu saa, lakini akiwa jikoni anapika atakuamsha akimaliza. Kwa hiyo ahadi ya fanksheni hizi ni ya upande mmoja: kwa kawaida muda hautapungua, lakini unaweza kuzidi. Ukishika hilo, nusu ya matatizo yafuatayo utayatambua mwenyewe.

Dalili ya kwanza: inapita mbio, au inaganda

Hapa kosa karibu kila mara ni kipimo. Tazama majina haya yanavyofanana:

- `sleep()` ya Linux na Mac, iliyomo katika `unistd.h`, hupokea sekunde.
- `Sleep()` ya Windows, yenye S kubwa, iliyomo katika `windows.h`, hupokea milisekunde.
- `usleep()` hupokea maikrosekunde, yaani sehemu ya milioni ya sekunde.
- `nanosleep()` hupokea muundo wenye sehemu mbili, sekunde na nanosekunde.

Aliyezoea Linux akihamia Windows anaandika `Sleep(1)`, akidhani ameomba sekunde moja. Ameomba milisekunde moja, na programu inapita mbio. Aliyezoea Windows akihamia Ubuntu anabadilisha herufi kubwa tu na kuandika `sleep(1000)`. Sasa ameomba sekunde 1000, yaani dakika 16 na sekunde 40, na anadhani kompyuta imekufa.

Kosa la tatu la aina hii ni kuandika `sleep(0.5)`. Fanksheni hiyo hupokea namba kamili tu. Nusu inakatwa na kuwa sifuri, na programu haisubiri hata kidogo. Kompaila inaweza isiseme neno.

Kuhusu `usleep()`, msiizoee. Kiwango cha POSIX kiliiondoa mwaka 2008, na tangu hapo awali hakikuwa kinaahidi kwamba itakubali namba inayofika milioni moja. Mahali pake ni `nanosleep()`.

Kuna pia wale wanaosoma vitini vya zamani vyenye `delay()`, `conio.h` na `dos.h`. Hivyo ni vya Turbo C, kompaila ya enzi za DOS. Ukivipeleka kwa gcc kwenye Linux, itakujibu kwamba faili la `dos.h` halipo, na ni kweli halipo. Katika DOS programu ilikuwa peke yake kwenye mashine. Maktaba za wakati huo zilikuwa zikipima mwanzoni prosesa inazunguka mara ngapi kwa muda mfupi, kisha zikisubiri kwa kuizungusha bure. Mashine zilipokuwa na kasi, kipimo hicho kilivunjika. Programu zilizotengenezwa kwa Turbo Pascal zilianza kufa zinapofunguliwa tu, zikionyesha kosa namba 200, yaani kugawanya kwa sifuri, kwa sababu jibu la kipimo lilikuwa kubwa kuliko nafasi lililowekewa. Programu yenyewe haikuwa imebadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni kasi ya prosesa.

Dawa ya dalili hii ni kuacha kuita fanksheni za mifumo moja kwa moja kila mahali. Andika fanksheni yako moja, ipe kipimo kimoja, na tofauti za mifumo zifiche ndani yake:

```c
#ifdef _WIN32
#include <windows.h>
void ngoja_ms(unsigned int ms)
{
    Sleep(ms);
}
#else
#include <errno.h>
#include <time.h>
void ngoja_ms(unsigned int ms)
{
    struct timespec muda;
    muda.tv_sec  = ms / 1000;
    muda.tv_nsec = (long)(ms % 1000) * 1000000L;
    while (nanosleep(&muda, &muda) == -1 && errno == EINTR)
        ;
}
#endif
```

Ukitumia gcc na chaguo la `-std=c99` au `-std=c11`, utaambiwa kwamba `nanosleep` haijulikani. Chaguo hilo huficha kila kisichokuwa cha C tupu. Tumia `-std=gnu11`, au juu kabisa ya faili, kabla ya `#include` ya kwanza, weka mstari `#define _POSIX_C_SOURCE 200809L`.

Dalili ya pili: inasubiri, lakini maandishi hayaonekani

Mwanafunzi anaandika hivi kwenye Ubuntu:

```c
for (int i = 10; i > 0; i--) {
    printf("%d ", i);
    ngoja_ms(1000);
}
```

Anatarajia kuona 10, kisha 9, kisha 8. Badala yake anaona skrini tupu kwa sekunde kumi, halafu namba zote zinamwagika kwa pamoja. Anahitimisha kwamba fanksheni ya kusubiri imeharibika. Haijaharibika: kilichochelewa ni maandishi.

`printf` haipeleki herufi kwenye skrini papo hapo. Inaziweka kwanza katika bafa, kama konda anayesubiri basi lijae kabla ya kuondoka. Kwenye dirisha la amri la Linux, basi hilo huondoka likijaa au likikuta alama ya mstari mpya, `\n`. Hapa hakuna `\n`, kwa hiyo abiria wanakaa. Ukielekeza matokeo kwenye faili, hata `\n` haitoshi, na bafa inasubiri hadi ijae au programu iishe. Dirisha la amri la Windows mara nyingi huonyesha maandishi mara moja, ndiyo maana msimbo huo huo hufanya kazi kwa jirani yako na kukukatalia wewe.

Dawa ni mstari mmoja, kabla ya kusubiri:

```c
fflush(stdout);
```

Kabla ya kulaumu muda, hakikisha kwanza kwamba tatizo si hili. Katika maswali yanayoletwa kwetu, hili ni la kawaida mno.

Dalili ya tatu: kitanzi tupu na fanksheni ya clock()

Wengine wakichoshwa na tofauti za mifumo huamua kusubiri kwa mikono:

```c
for (long i = 0; i < 500000000; i++)
    ;
```

Hii ina matatizo matatu. Inachukua muda tofauti kwenye kila prosesa, na pia kwenye laptopu hiyo hiyo ikiwa inatumia betri. Inaichosha prosesa bure, na katika mji ambao umeme hukatika na betri ndiyo tegemeo, hilo si jambo dogo. Na ukiwasha uboreshaji wa kompaila kwa `-O2`, kompaila inaona kwamba kitanzi hakizalishi kitu na inakifuta chote. Ndipo unaposikia mtu akisema programu inasubiri vizuri anapoijaribu, lakini ikikamilishwa haisubiri.

Wengine hutumia `clock()` kupima muda uliopita. Hapa pana mtego wa mifumo hasa. Kwenye Linux na Mac, `clock()` hupima muda ambao prosesa imeitumikia programu yako, si muda uliopita ukutani. Programu iliyolala haitumikiwi, kwa hiyo `clock()` yake inakaribia kusimama. Ukilala sekunde 5 kisha ukauliza `clock()`, itakuambia umetumia sehemu ndogo sana ya sekunde. Kwenye Windows, maktaba ya Microsoft hupima muda wa ukutani, na hapo utapata 5. Msimbo mmoja, majibu mawili, na kila mfumo unajiona uko sahihi.

Namba za `clock()` pia hazina kipimo kimoja. Kwenye Windows sekunde moja ni 1000, kwenye Linux ni 1,000,000. Asiyegawanya kwa `CLOCKS_PER_SEC` anapata jibu lililozidi au kupungua mara elfu. Kama unataka muda wa ukutani, acha `clock()`. Tumia `clock_gettime()` kwenye Linux na Mac, na `GetTickCount64()` au `QueryPerformanceCounter()` kwenye Windows.

Dalili ya nne: inaamka kabla ya wakati

Nilisema kwa kawaida muda haupungui. Kuna hali moja ya pekee kwenye Linux na Mac, nayo ni programu kupokea ishara ikiwa imelala na ikawa na fanksheni ya kuishughulikia. Kwa mfano, umeandika msimbo wa kushika Ctrl+C, au umeweka `alarm()`. Ishara ikifika, usingizi unakatizwa hapo hapo.

`sleep()` hukwambia kwa kurudisha idadi ya sekunde zilizobaki, na `nanosleep()` hurudisha -1 na kuweka `EINTR` katika `errno`. Wengi hawasomi jibu hilo. Rudi utazame `ngoja_ms` hapo juu: kile kitanzi cha `while` kipo kwa ajili ya hili. Akikatizwa, analala tena kwa kile kilichobaki.

Dalili ya tano: inachelewa kidogo kidogo

Hii ndiyo iliyo hatari kuliko zote, kwa sababu ukiijaribu dakika tano huioni. Ubao wa kwanza wa karibu kila kundi huandikwa hivi:

```c
int zimebaki = 3600;
while (zimebaki > 0) {
    onyesha(zimebaki);
    ngoja_ms(1000);
    zimebaki--;
}
```

Ukiusoma haraka hauna kosa. Lakini kila mzunguko unachukua sekunde moja, pamoja na muda wa kuonyesha namba, pamoja na ule muda ambao mfumo umechelewa kukuamsha. Tuchukulie nyongeza hiyo ni milisekunde 10 tu. Mizunguko 3600 itachukua sekunde 3636, na ubao umechelewa sekunde 36 kwa saa moja. Ukiuacha siku nzima ni mizunguko 86,400, na ucheleweshaji ni sekunde 864: dakika 14 na sekunde 24. Hizo ndizo zile dakika 14 za daku nilizozitaja mwanzo. Hazikutokana na hitilafu yoyote, zilitokana na milisekunde 10 zilizojumlishwa.

Milisekunde hizo hazitoki hewani. Windows kwa kawaida huangalia nani wa kuamshwa mara 64 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 15.625. Ukiomba `Sleep(1)`, unaweza kungoja karibu milisekunde 15 au 16. Jaribu mwenyewe: ita `ngoja_ms(1)` mara 1000. Kwenye Linux ya leo utamaliza kwa sekunde moja na kidogo. Kwenye Windows ambayo haijabadilishwa mpangilio, unaweza kungoja zaidi ya sekunde 15.

Kuna jambo linalowachanganya wengi hapa. Programu yoyote ya Windows inaweza kuomba mfumo uangalie mara nyingi zaidi, kwa kuita `timeBeginPeriod(1)` iliyomo katika maktaba ya `winmm`. Kabla ya toleo la 2004 la Windows 10, lililotoka mwaka 2020, ombi la programu moja lilizigusa zote. Mtu anacheza muziki huku anajaribu ubao wake, na ubao unakwenda sawa. Anafunga muziki, ubao unaanza kuchelewa. Ukikutana na tatizo linalotokea na kutoweka hivyo kwenye kompyuta ya zamani, angalia kwanza ni programu gani nyingine zilizokuwa wazi.

Mac nayo, tangu OS X Mavericks ya mwaka 2013, hukusanya miamko iliyokaribiana na kuifanya kwa pamoja ili kutunza betri. Hakuna mfumo usio na ucheleweshaji wake.

Kwamba visehemu vidogo vya muda vikijumlishwa vinaweza kudhuru, dunia imeshajifunza kwa gharama. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Marekani wa kuzuia makombora aina ya Patriot ulishindwa kulizuia kombora la Scud lililorushwa na Iraq, na wanajeshi 28 wakafa. Mtambo ulikuwa ukihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na sehemu ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa namba za mfumo wa mbili. Kila hesabu ilipoteza kiasi kisichofika hata sehemu ya milioni ya sekunde. Baada ya saa 100 za kuwashwa mfululizo, hasara ilikuwa imefika kama sekunde 0.34, muda ambao kombora la aina ile linapita zaidi ya nusu kilomita. Kosa lile halikutokana na fanksheni ya kulala. Lakini mzizi wake na wa ubao wetu ni mmoja: kuijenga saa kwa kujumlisha vipande, bila kurudi kuuliza saa ya kweli.

Dawa basi si kutafuta fanksheni inayolala kwa usahihi zaidi. Dawa ni kubadilisha swali. Usiseme "lala sekunde moja", sema "lala hadi saa fulani". Kwenye Linux inaandikwa hivi:

```c
struct timespec lengo;
clock_gettime(CLOCK_MONOTONIC, &lengo);
for (;;) {
    lengo.tv_sec += 1;
    while (clock_nanosleep(CLOCK_MONOTONIC, TIMER_ABSTIME,
                           &lengo, NULL) == EINTR)
        ;
    onyesha_ubao();
}
```

Ukichelewa milisekunde 10 kwenye mzunguko huu, unaofuata utalala milisekunde 990. Kosa la mara moja haliingii katika hesabu ya mara inayofuata. Mac haina `clock_nanosleep`. Huko, na kwenye Windows, soma saa, toa sasa katika lengo, kisha lala kwa kile kilichobaki. Matokeo ni yale yale.

Saa ipi tuulize?

Kompyuta ina saa zaidi ya moja, na kuichagua isiyofaa ni ugonjwa mwingine.

Ya kwanza ni saa ya ukutani, `CLOCK_REALTIME` au `time()`. Inajua tarehe na saa, lakini inaweza kuruka. Sisi tunazijua kompyuta za mezani zilizozeeka ambazo betri ndogo ya ubao mama imekufa: umeme ukikatika na kurudi, mashine inaamka ikidhani ni mwaka mwingine, kisha inapopata mtandao inarukia saa ya kweli. Raspberry Pi zilizotangulia toleo la 5 hazina kabisa saa inayoendelea zikizimwa. Programu iliyokuwa ikipima "dakika 20 zimepita?" kwa saa hii itaona miaka imepita kwa mkupuo.

Ya pili ni saa isiyorudi nyuma, `CLOCK_MONOTONIC`. Haijui leo ni lini, inajua tu ni muda gani umepita, na kurekebishwa kwa tarehe hakuirushi. Lakini kwenye Linux inasimama laptopu ikilazwa kwa kufunga kifuniko. Ukihitaji inayohesabu hata wakati huo, ipo `CLOCK_BOOTTIME`.

Kanuni ni hii: muda unaopita, pima kwa saa isiyorudi nyuma, wakati wa siku, iulize saa ya ukutani. Ubao wa sala unahusu wakati wa siku. Kwa hiyo kitanzi cha juu kitumike kuamsha programu tu, na kila inapoamka iulize upya:

```c
time_t sasa = time(NULL);
long zimebaki = (long)difftime(wakati_wa_sala, sasa);
```

Hakuna `zimebaki--` tena. Umeme ukirudi na saa ya mashine ikirekebishwa, ubao unajirekebisha wenyewe katika sekunde inayofuata. Weka pia ulinzi mmoja: mwaka ukiwa ni wa nyuma kuliko mwaka ulioiandika programu, ubao uonyeshe kwamba saa si sahihi, usionyeshe namba. Ubao unaokiri haujui ni bora kuliko unaodanganya kwa herufi kubwa.

Msishawishike pia kulala siku nzima kwa `sleep(86400)` kutoka adhuhuri hadi adhuhuri. Hapa Bujumbura tuko karibu na ikweta, na watu hudhani nyakati hazibadiliki. Zinabadilika. Jua linafika katikati ya mbingu kama saa sita na dakika 17 katikati ya Februari, na kama saa sita kasoro dakika 14 mwanzoni mwa Novemba. Tofauti ni nusu saa. Nyakati zikokotolewe au zisomwe kwenye jedwali kila siku.

Na anayechukua programu kwa mwenzake wa Dar es Salaam au Nairobi aangalie kama imeandikwa saa tatu mbele ya UTC. Sisi tuko mbili mbele. Mtu asiandike namba hiyo ndani ya msimbo: aweke mashine katika ukanda wa Africa/Bujumbura na aache `localtime()` ifanye kazi yake.

Utaratibu wa kutafuta kosa

Programu ikikataa kusubiri ipasavyo, usianze kubadilisha namba kwa kubahatisha. Fuata hatua hizi kwa mpangilio:

1. Angalia kipimo. Fanksheni hii inataka sekunde, milisekunde au nini? Umeipa namba yenye nukta?
2. Ongeza `fflush(stdout)` kabla ya kusubiri, ujaribu tena.
3. Washa maonyo ya kompaila kwa `-Wall -Wextra`, na uyasome. Onyo la fanksheni isiyotangazwa ni dalili kwamba heda imekosekana.
4. Soma jibu linalorudishwa na fanksheni. Si sifuri? Umekatizwa.
5. Pima muda kwa saa isiyorudi nyuma kabla na baada ya kulala, uandike tofauti. Usipime kwa macho, wala kwa `clock()`.
6. Rudia mara 1000 na utazame jumla. Kosa lisiloonekana katika mara moja litaonekana hapo.
7. Iache ifanye kazi usiku kucha, asubuhi uilinganishe na saa unayoiamini. Kwa programu itakayotundikwa mbele ya watu, hatua hii si ya hiari.

Maswali ya kujipima

1. Mwenzako ameandika `Sleep(5)` kwenye Windows akitaka sekunde tano. Ameomba muda gani hasa? Aandike nini?
2. Programu ya Linux inalala sekunde 10, kisha inaonyesha tofauti ya `clock()`. Kwa nini haitaonyesha 10?
3. Ubao wenye `zimebaki--` unaongeza milisekunde 4 kila mzunguko. Baada ya saa 24 utakuwa umechelewa kiasi gani?
4. Andika upya kitanzi cha ubao kwa Windows, kwa kutumia `GetTickCount64()` na `Sleep()`, ili ucheleweshaji usijumlishwe.
5. Laptopu inafungwa kifuniko kwa saa moja huku programu imelala kwa `CLOCK_MONOTONIC` kwenye Linux. Eleza kitakachotokea ikifunguliwa.

Mwenye kushindwa na swali la nne asione haya. Alete laptopu yake Jumamosi tulitazame pamoja, na mwenye Mac aje pia, maana zinazofika darasani ni chache na majaribio yanazihitaji.